Mavi ya punda kwenye vichochoro vya Lamu: afagie nani, sisi, wenye punda au kaunti?

#1 MwanaLangoni
Assalam aleikum jamaa. Tulizungumze jambo hili bila kuoneana haya. Njia zetu zimejaa mavi ya punda kupita kiasi. Nataja Langoni kwa sababu ndiko ninakokaa, lakini nikipanda Mkomani mambo ni yale yale.

Kichochoro chetu upana wake ni punda mmoja aliyejazwa sogi, yale makapu ya mzigo ya ubavuni. Akija na mchanga lazima ujibanze ukutani mpaka apite. Akishapita ameacha chake, na anayemfuata nyuma anakikanyaga. Saa ya watoto kwenda chuoni kusoma Kurani mavi yashatapakaa ukuta kwa ukuta. Juzi nilimwona mama amesimama penye kona, buibui amelikusanya kwa mkono mmoja, mwingine kashika mtoto, anatafuta pa kuweka mguu hapaoni. Pindo lilikuwa lishashika ule umajimaji wa kijani na vipande vya nyasi. Alikuwa njiani kwenda arusini.

Vijana wa mtaa na kina mama kadhaa tumeanza kufagia baada ya swala ya alfajiri. Fagio za chelewa, beleshi mbili, magunia. Ikifika adhuhuri huwezi kujua kama kulifagiwa. Rai yangu ni kwamba kila mwenye punda amfunge mfuko chini ya mkia, na asiyetaka apigwe faini. Tena nasikia UNESCO wanaweza kututoa kwenye orodha yao ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya uchafu huu wa punda. Mwasemaje?

#2 FundiSogi
Waleikum salam. Mimi ni mwenye punda, kwa hiyo wacha niseme. Mawe ya nyumba yako yalifikaje mlangoni? Saruji, mchanga, boriti, mitungi ya gesi, vyote vimepita mgongoni mwa punda. Gari haliingii, na wilbaro kwenye zile ngazi haipandi.

Punda wangu mchana wako kazini na niko nyuma yao. Uchafu mwingi unaouona asubuhi ni wa wale wanaoachwa usiku. Na wanaachwa kwa nini? Nyumba za mjini hazina banda. Majani lazima ukayakate shamba uyalete, na pumba zinapanda bei kila ukigeuka. Mtu akishalisha watoto wake, punda huambiwa ajitafutie, naye hukimbilia jaani. Kabla ya faini, tafuteni kwanza uwanja wa kulaza punda.

#3 Mmatondoni
Watu wa mjini mwampenda punda siku ya mashindano ya Maulidi tu. Mbio zikiisha mwaziba pua.

#4 Bi_Mkomani
Wanangu, hizi ndia zalikuwa na wenyewe. Kila nyumba yafagia mbele ya daka lake kabla yua halijatoka, na anayeacha uchafu mbele ya mlango wake asemwa mui mzima. Wala mavi ya punda hayakuwa taka. Punda alikuja mjini na nazi na maembe, akarudi shamba na gunia la samadi. Hakurudi mtupu.

Yeo tazameni Mkomani. Nyumba ngapi zimeuzwa kwa wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka? Ngapi zimefungwa makufuli, warithi wako Mombasa na Uarabuni? Mbele ya mlango uliofungwa atafagia nani? Shida ilianzia hapo. Punda hawakuzidi tabia.

#5 MlamuUgenini
Niko Leicester miaka mingi sasa. Huku kero ni mbwa, na wamepigana nayo muda mrefu. Uingereza walitunga sheria ya mavi ya mbwa mwaka 1996, zikafuata nyingine juu yake. Siku hizi mwenye mbwa asipookota, faini ya papo hapo kwa kawaida ni pauni 100, na akipelekwa mahakamani inaweza kufika 1,000. Lakini sheria peke yake haikutosha. Wakazi wenyewe huzunguka na makopo ya rangi inayofutika, wakapiga duara la waridi kuzunguka kila rundo. Mpita njia analiona asikanyage, na mwenye mbwa akirudi kesho analikuta limetangazwa.

Hispania, mji wa Brunete karibu na Madrid, mwaka 2013 walifanya kubwa zaidi. Watu wa kujitolea walimtazama mwenye mbwa anayeondoka bila kuokota, wakamwendea kwa mazungumzo mpaka wakapata jina la mbwa na aina yake. Wakaenda kutafuta anwani kwenye daftari la mbwa la manispaa, na mavi yakapelekwa nyumbani kwake ndani ya boksi.

#6 MwanaLangoni
@MlamuUgenini hilo la boksi limenifurahisha sana. Hapa kwetu chokaa itatosha. Tupige duara, tuandike jina la mwenye punda.

#7 FundiSogi
@MwanaLangoni jina utalipata wapi? Punda wa kijivu mwenye msalaba mweusi mgongoni hapa mjini ni wangapi? Saa nane za usiku utamjua wa nani? Utaandika jina la mtu ambaye punda wake alilala, mgombane msikitini.

#8 MkaaMalindi
Naingilia kutoka Malindi. Nyinyi mna punda, sisi tuna mbwa ufukweni. Wengine wana wenyewe, wengi hawana. Asubuhi watu wanakimbia mchangani, watoto wanacheza mpira pekupeku, na mavi yamefukiwa juu juu tu.

Mwanangu wa kiume alianza kujikuna unyayo. Nikatazama nikaona mstari mwekundu mwembamba ulioinuka, umepinda pinda. Nikadhani ni mkwaruzo. Siku ya pili mstari umesogea, umerefuka kuelekea kidoleni. Usiku halali kwa mwasho. Zahanati wakaniambia ni mnyoo wa mbwa umeingia kwenye ngozi kutoka mchangani, akapewa dawa akapona. Toka siku hiyo majirani tumekubaliana kwamba kila anayeshuka pwani na mbwa ashuke na kikopo na kijiko cha bustani. Wenye mbwa wa nyumbani wengi wamekubali. Wale mbwa wasio na mwenyewe ndio hatujui tufanyeje.

Kwa hiyo punda wenu mimi nawaogopa zaidi, maana yeye rundo lake ni kubwa.

#9 MgangaWaMifugo
@MkaaMalindi pole kwa mtoto, lakini hapo naomba nisahihishe. Ukubwa wa rundo haupimi hatari. Mnyoo uliompata mtoto wako ni safura ya mbwa na paka. Punda hana mnyoo huo. Mavi ya mbwa yana jambo jingine baya zaidi, mayai ya minyoo mikubwa ya mbwa, ambayo mtoto akiyameza kwa mikono michafu mabuu yake huweza kufika hata kwenye jicho. Mayai hayo hayaambukizi yakiwa mabichi. Yanahitaji kukaa udongoni wiki mbili tatu hivi, kisha yanaweza kudumu miaka. Ndiyo maana kuokota siku ile ile kunasaidia kweli kweli.

Punda anakula majani, na minyoo yake mingi ni ya kwake na ndugu zake farasi. Mambo mawili ndiyo ya kuangalia. La kwanza ni nzi. Katika joto letu yai la nzi linakuwa nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi, na mavi mabichi ya punda ni mahali pazuri sana pa kutagia. La pili ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye utumbo wa wanyama hawa na kwenye udongo. Mtu mwenye kidonda mguuni asitembee pekupeku humo, na kina mama wajawazito wasikose chanjo yao.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Punda dume asiyehasiwa hunya mahali pamoja kwa makusudi. Anaweka mpaka wake. Mwingine akipita ananusa, anaongeza lake juu. Ukiona kona ambayo kila siku ina rundo, usidhani ni bahati mbaya. Wakihasiwa madume wengi zaidi, marundo hayo yatapungua, na kupigana usiku kutapungua pia. Hospitali ya punda ipo hapo mjini tangu mwaka 1987, na matibabu ni bure.

#10 Mmatondoni
Kumbe ile kona ya kwa shangazi yangu ni makao makuu.

#11 FundiSogi
@MgangaWaMifugo ahsante, hilo la kona ni kweli na nimeliona kwa macho yangu. Ila dume aliyehasiwa wenzangu wanaamini hupungua nguvu za kubeba. Je, ni kweli?

#12 MgangaWaMifugo
Si kweli. Hutulia, na mtulivu hubeba vizuri zaidi. Mpe muda wa kupona tu kabla ya kumrudisha kazini.

#13 MwanaLangoni
Sawa, na mfuko je? Nimesikia hapa hapa Kenya ulishawahi kutumika.

#14 MlamuUgenini
Limuru, mwaka 2007. Baraza la mji lilitaka punda wanaoingia mjini wafungwe vitambaa vya kuzuia mavi. Ilikuwa habari mpaka huku Uingereza. Na Vienna, farasi wa magari ya watalii lazima wawe na mfuko nyuma.

#15 FundiSogi
Farasi wa Vienna anavuta gari, nafasi ya kufunga mfuko ipo. Punda wangu ana tandiko, sogi mbili zimeshuka ubavuni, na kamba ya mkiani inayozuia mzigo usiteleze mbele kwenye mteremko. Mfuko utakaa juu ya kamba hiyo hiyo. Ukijaa utavuta, kamba ichubue chini ya mkia, na kidonda cha hapo kwa joto la kaskazi na nzi aliowataja @MgangaWaMifugo hakiponi upesi. Sikatai usafi. Nakataa kidonda.

Mimi niko tayari kubeba kifagio kidogo na gunia kwenye sogi. Akinya, nikusanye hapo hapo. Lakini gunia likijaa nilipeleke wapi? Jaani huko huko ambako punda wa usiku wanakula? Hilo hamjanijibu.

#16 UstadhiWaGadeni
Assalam aleikum. Naona wengi wanauliza pembeni kuhusu nguo na swala. Katika madhehebu yetu ya Shafii mavi ya punda ni najisi, ila si najisi nzito ya mbwa ambayo huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hii huoshwa kwa maji mpaka iondoke. Na tope la njia ambalo mtu hawezi kulikwepa limesamehewa kwa kiasi chake, kwa hiyo mama aliyechafuka pindo asijitie wasiwasi.

#17 Bi_Mkomani
Ustadhi, Mungu akuweke. Lakini msamaha ni wa lisiloepukika. Hili laepukika kwa fagio. Tusije tukalalia msamaha na ndia zioze.

#18 UstadhiWaGadeni
Kweli kabisa Bibi. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, hadithi yake ni sahihi na inajulikana. Nitalizungumza darsani nikijaaliwa.

#19 MsomaKatiba
Mwazungushana bure. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kuzoa taka na pia udhibiti na ustawi wa wanyama, hata leseni za mbwa zimetajwa pale. @MkaaMalindi, mbwa wasio na mwenyewe ni wa kaunti yenu ya Kilifi. Punda wa usiku ni wa kaunti ya Lamu. Vijana wakiendelea kufagia bure, ofisi itaona kazi inafanyika na haitaajiri mtu.

#20 MwanaLangoni
@MsomaKatiba nakubali kaunti ina jukumu. Lakini nikisubiri bajeti, mtoto wangu apite wapi kesho asubuhi?

#21 MtunzaKale
Nirudi kwenye chapisho la kwanza kabisa. @MwanaLangoni, Mji wa Kale uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001 na punda tayari walikuwa wakipita humo. Kutembea kwa miguu na kubeba kwa punda ni sehemu ya maisha ya mji wenyewe. Wasiwasi mkubwa uliosemwa na kamati ya urithi ni juu ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari mpya, na ujenzi usiofuata mtindo wa kale. Usiwatishe watu na UNESCO kwa ajili ya mavi.

Lakini la mitaro ni zito. Mitaro yetu ya wazi ilijengwa kupitisha maji ya nyumbani. Fagio linasukuma mavi mtaroni kwa sababu ndiyo njia rahisi, yakikauka yanakuwa kizibo. Mvua ya kwanza ya masika maji yanapanda mpaka kizingitini. Wanaofagia wasisukume mtaroni, wazoe.

#22 MwanaLangoni
Ahsante kwa sahihisho. Na kweli wenzetu wengine wanasukuma mtaroni, nitawaambia.

#23 MwanaShela
Hakuna aliyetaja pikipiki. Zamani mzigo wa Shela ulikuja kwa punda au mashua. Sasa pikipiki zapita pwani zinachukua abiria, unga, soda, kila kitu chepesi. Punda amebaki na mawe na mchanga. Kukiwa hakuna ujenzi hana kazi, na asiye na kazi ndiye anayeachwa. Punda wanaozurura wameongezeka kwa sababu riziki yao imepungua. Mimi sioni sababu nyingine.

#24 Mmatondoni
Na wewe si una pikipiki @MwanaShela?

#25 MwanaShela
Ninayo, na nalea watoto kwayo. Ndiyo maana najua ni mizigo gani nimeichukua. Pikipiki hainyi, ila kelele na kugonga watoto ni jambo jingine, tutafungua uzi wake.

#26 FundiSogi
@MwanaShela umesema kweli na nakuheshimu kwa hilo. Asante ya punda ni mateke, wasema watu, lakini huyu ametubeba sisi.

#27 MkulimaWaHindi
Nimesoma mpaka hapa na roho inaniuma. Nalima Hindi, upande wa bara. Mahindi na mboga. Mbolea ya dukani siiwezi kila msimu. Nyinyi mwatupa kitu ninachokitafuta!

Niliwahi kuchukua samadi kutoka kisiwani. Ilikuja mbichi, ina vipande vya plastiki, kamba za nailoni, mpaka msumari. Niliitia shambani hivyo hivyo, nikavuna magugu. Punda hasagi mbegu zote, nyingi zatoka nzima. Lazima ioze kwanza. Iwekwe rundo la kimo cha kiuno, inyunyiziwe maji, ifunikwe na makuti, igeuzwe kila baada ya wiki mbili hivi. Ukitia mkono katikati utasikia joto kali, na joto hilo ndilo linaloua mbegu na mabuu ya nzi. Ikishakuwa nyeusi na haina tena harufu ya punda, iko tayari. Kwa joto letu ni kama miezi mitatu.

Kikwazo ni usafiri. Mashua mpaka Mokowe, kisha gari. Gunia la samadi mbichi ni zito kwa sababu ya maji, nauli inapita thamani yake. Ikioza huko huko kisiwani itapungua uzito, na hapo itaweza kulipa.

#28 MgangaWaMifugo
Hii ya plastiki ni muhimu. Plastiki kwenye mavi maana yake punda anaila jaani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017 na hali imekuwa nafuu, lakini vifungashio vingine bado viko. Ikimkaa tumboni anapata msokoto na anaweza kufa.

#29 MwanaLangoni
@MkulimaWaHindi ndugu yangu, tunayo magunia ya kila asubuhi. Tukipata kiwanja cha kuozeshea nyuma ya mji, utachukua?

#30 MkulimaWaHindi
Nitachukua, iwe safi haina plastiki. Bei tutakubaliana baada ya kuona. Sitaki kuahidi nisilolijua.

#31 MsomaKatiba
Kiwanja nyuma ya mji cha nani? Ardhi ya Lamu mnaijua. Mkiweka rundo leo, kesho atatokea mtu na hati. Andikeni barua kwa manispaa kwanza, mpate ruhusa yenye muhuri.

#32 Bi_Mkomani
Na isiwe karibu na visima. Maji yetu yatoka kwenye mchanga, kinachomwagwa juu chashuka tini.

#33 MtunzaKale
Bibi amesema jambo la maana. Ikae mbali kabisa na matuta ya Shela. Hapo ndipo maji matamu ya kisiwa yanapohifadhika.

#34 MkaaMalindi
Nauliza tu, hii samadi ya kuozesha yaweza kufanywa na mavi ya mbwa? Kikopo chetu cha pwani kinajaa kila siku.

#35 MgangaWaMifugo
Hapana, si kwa shamba la chakula. Yale mayai niliyoyataja ni sugu, rundo la nyumbani halifiki joto la kuyaua kwa uhakika. Yafukieni kwenye shimo la kina mbali na maji na mboga, au yaende na taka. Na wapeni mbwa wenu dawa ya minyoo. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikitangazwa, wapelekeni pia wale wa mtaani wanaokubali kushikwa.

#36 MkaaMalindi
Nimeelewa, shukrani daktari.

#37 FundiSogi
Nimeongea na wenzangu wawili hapa pwani. Mmoja amekubali kubeba gunia na kifagio kama mimi. Wa pili asema yeye hulipwa kwa safari, akisimama kuokota kila mara atapoteza safari, nani atamfidia? Sikuwa na jibu. Kuhusu kuhasi, wote wawili wana wasiwasi bado.

#38 MwanaLangoni
Mwambie kama kuna bei ya gunia kutoka Hindi, basi fidia yake ni hiyo.

#39 MsomaKatiba
Bei ambayo haijatajwa bado. Mimi narudia, kaunti.

#40 MwanaShela
Banda la usiku. Bila banda mtafagia mpaka kiyama.

#41 AsuminiZaDarini
Samahanini, nimechelewa kuingia. Nina vyungu vya asumini na mkilua darini Mkomani na udongo umechoka kabisa. Hiyo samadi nyeusi aliyoieleza mkulima, kuna mtu anayo tayari hapa mjini hata nusu gunia?

#42 Bi_Mkomani
Ninayo kidogo nyuma ya ua wa nyumba yangu, ya tangu kusi. Njoo baada ya alasiri, uje na ndoo yako. Na kifagio pia.